Alamat Siyo Alama

Hotuba kwa wanafunzi na walimu wa Kiswahili

Tumsifu Yesu Kristo! Bwana Yesu asifiwe! Assalaam aleikum!

Ahsanteni. Nimesikia wengine mkiitikia hata isiyo yenu, ndiyo desturi yetu. Nimeanza hivyo kwa makusudi. Kule Yogyakarta, kisiwani Java, nchini Indonesia, nilikoishi miaka miwili, mheshimiwa akishika kipaza sauti naye huanza kwa mlolongo kama huu, ila wa kwao mrefu zaidi: assalamualaikum kwa Waislamu, salam sejahtera kwa Wakristo, om swastiastu kwa Wahindu, namo buddhaya kwa Wabudha, salam kebajikan kwa wafuasi wa Konfyusio. Salamu tano, na mtu bado hajasema kilichomleta. Humo ndani ameshapita Uarabuni na Bara Hindi.

Akimaliza ndipo huuliza: Apa kabar? Apa ni "nini". Kabar ni habari yetu hii hii. Siku niliyofika, kijana wa uhamiaji aliniuliza hivyo huku anagonga muhuri, nami nikamjibu "nzuri" kabla sijakumbuka niko wapi. Neno ni khabar la Kiarabu. Wao kh imewashinda wakaweka k. Sisi tumeweka h, kisha tukaongeza irabu mwishoni, maana Mswahili akiona neno limeishia na konsonanti hukereka kama aliyeona shati limekosa kifungo. Wao konsonanti ya mwisho haiwasumbui: kitab, sabun, kamus, wakil, umur. Kinachowasumbua ni herufi nyingine. F mara nyingi huwa p, ndiyo maana kufikiri kwao ni pikir. Na z, hasa kinywani mwa Mjava, huteleza ikawa j; zaman utaisikia jaman. Hiyo ya z na j naomba mniwekee, nitaihitaji baadaye.

Mwenyekiti aliponialika nizungumzie maneno ya kukopa, nilidhani anataka ya Kiswahili. Akasema hayo tumeyapiga soga mpaka yameisha ladha, tuletee ya watu wengine. Nimefurahi, kwa sababu mimi binafsi Kiindonesia ndicho kilichoniponya maradhi fulani. Nilipokuwa mwanafunzi, mhadhiri mmoja mgeni alituambia darasani kwamba Kiswahili ni Kiarabu kilichovishwa kanga. Niliondoka pale na hasira ya miaka. Nikawa nahesabu maneno: haya ya Kibantu, haya ya Kiarabu, haya ya Kireno, asilimia ngapi zetu, asilimia ngapi zao, kana kwamba siku moja nitafikisha hesabu mahakamani. Java ndiko nilikoacha kuhesabu.

Tuanze na hilo neno "kukopa". Sisi Waswahili tuko makini katika mambo ya deni. Ukikopa sukari, unarudisha sukari nyingine. Ukiazima nguo, unarudisha nguo ile ile, na wahenga wametuonya kwamba nguo ya kuazima haisitiri maungo. Sasa niambieni, neno "sabuni" tunalirudisha lini? Halikukopwa, wala halikuazimwa. Waindonesia wanalo jina ambalo mimi nalihusudu: kata serapan. Kata ni neno. Serap ni kufyonza, kama udongo unavyofyonza mvua. Neno lililofyonzwa. Mvua ikishazama shambani, nani atakwenda kuichota?

Nao wamefyonza hasa. Jina la lugha yenyewe ni Bahasa Indonesia. Bahasa ni bhasha ya Kisanskriti, lugha ya kale ya Bara Hindi. Indonesia ni Kigiriki, "India" na "kisiwa", limeungwa na Waingereza wawili huko Singapore mwaka 1850, na mmoja wao, James Richardson Logan, ndiye aliyelitumia kama tunavyolijua leo. Kwa hiyo katika jina zima hakuna hata neno moja la nyumbani. Kabla hamjacheka, semeni "lugha ya Kiswahili". Lugha ni Kiarabu. Swahili ni sawahil, pwani, Kiarabu tena. Sisi tuna "ya" na "Ki".

Lugha yenyewe ilikuwa Kimalei, lugha ya bandari, ya watu wanaouziana vitu bila kujuana mama zao. Mnaifahamu habari hiyo, ni yenu. Tarehe 28 Oktoba 1928, vijana waliokutana Batavia, mji unaoitwa leo Jakarta, waliapa kwamba lugha ya umoja wao itakuwa Kiindonesia. Hawakuchagua Kijava, ingawa Wajava ndio waliokuwa wengi kupita wote. Walichagua lugha ambayo wengi wao walijifunza ukubwani.

Sasa niwaoneshe kitu kimoja kwa karibu.

Nilipanga chumba kwa mama mmoja wa makamo. Chumba cha namna hiyo huitwa kos, na mwenye nyumba mwanamke ni ibu kos. Ibu ni mama, neno lao la damu. Kos ni Kiholanzi, limekatwa kutoka in de kost, kula na kulala kwa mtu kwa malipo. Siku moja nililetewa fomu ya serikali ya mtaa, na Kiindonesia changu kilikuwa bado cha kununulia ndizi. Ibu akatoa kitambulisho chake mkobani, akakiweka mezani, akaniambia nijaze kwa mfano huo. Nikatoa kalamu.

Mstari wa kwanza: Nama. Jina, Kisanskriti. Chini yake, Tempat/Tgl Lahir. Tempat ni mahali, tgl ni kifupi cha tarehe. Lahir nikalikodolea macho. Ibu akafanya ishara ya tumbo kubwa, kisha ya kubeba mtoto. Kuzaliwa! Baadaye ndipo nilipogundua kuwa ni dhahiri yetu. Kuna herufi mbili nzito za Kiarabu ambazo sisi tunazipa dh. Wao zamani walizisikia kama l. Dhahiri ikawa lahir. Radhi ikawa rela, na mtu wa kujitolea ni sukarelawan. Faradhi ikawa perlu, yaani "inahitajika", unalisikia mpaka dukani: mfuko wa plastiki, perlu? Hauna tena swala wala kiama ndani yake. Lakini lahir ndilo lililonikaa moyoni. Mtoto alikuwa ndani, amefichika, sasa amedhihirika. Hatujawahi kusema hivyo sisi, ila tukiambiwa tunaelewa mara moja.

Halafu Jenis Kelamin. Jenis ni jinsi yetu, na mstari unauliza jinsia. Nikaandika kwa raha. Nikaona nimeshakuwa mwenyeji.

Mstari uliofuata: Alamat.

Nikasema hili nalijua. Alama. Wanataka alama ya mwilini, kama zilivyokuwa pasi za kusafiria za enzi zile, baka au kovu. Nikatafuta maneno kwenye kamusi ya mfukoni nikaandika: kovu, goti la kushoto. Ibu aliisoma fomu, akanitazama goti, akaisoma tena. Kisha akacheka mpaka akaegemea jokofu. Alamat ni anwani. Nilikuwa nimeiarifu serikali ya mtaa kwamba makazi yangu ni kovu, goti la kushoto.

Neno ni lile lile moja la Kiarabu, ishara. Sisi tuliliweka kwenye mwili na kwenye daftari la mtihani. Wao waliliweka kwenye bahasha na mlango wa nyumba. Na sisi anwani tumeitoa wapi? Kiarabu hicho hicho, neno jingine. Hakuna aliyekosea. Tangu siku ile nimeacha kumwambia mwanafunzi kwamba ukijua asili ya neno umejua maana yake. Asili inakuambia neno lilipandia kituo gani. Liliposhukia ni habari nyingine, na ukilazimisha, utaishia kuishi gotini.

Kitambulisho hakijaisha. Agama, dini, ni Kisanskriti. Status Perkawinan, hali ya ndoa: status ni ya Waholanzi, kawin ni Kiajemi. Pekerjaan, kazi: kerja, Kisanskriti. Kewarganegaraan, uraia: hapo kuna warga na negara, yote mawili Kisanskriti, na negara huko kwao asili ilikuwa "mji", hapa imekua ikawa "dola". Chini kabisa imeandikwa Berlaku Hingga: Seumur Hidup. Kadi itatumika seumur hidup, umri wote wa uhai. Umur ni umri wetu.

Angalieni kilichofanyika hapo. Neno kerja limebanwa mbele kwa pe na nyuma kwa an. Warga negara yamekamatwa pamoja kama samaki wawili kwenye mshipi mmoja, ke mbele, an nyuma. Viambishi hivyo havikutoka India wala Uarabuni, ni vya Kimalei chenyewe. Ni kile kile tulichokifanya kwenye "kitabu". Mwarabu alileta kitab, sisi tukaona "ki", tukasema basi wingi wake vitabu, na Mwarabu hakuulizwa. Kamusi inaweza kujaa wageni, lakini aliyekaa jikoni na mwiko ni sarufi.

Nilisema nimeacha kuhesabu, ila acheni niseme la dini, maana hapo ndipo watu wetu wengi hushangaa. Indonesia ndiyo nchi yenye Waislamu wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Mwezi wa Ramadhani ukifika, wanafunga. Na kufunga kwao ni puasa, neno la Kisanskriti, upavasa, walilolitumia Wahindu na Wabudha kabla Uislamu haujafika visiwani. Dhambi ni dosa, Kisanskriti. Thawabu ni pahala, Kisanskriti, maana yake ya kale "tunda". Pepo ni surga, moto wa Jahannamu ni neraka, vyote kutoka India. Kisanskriti kilikuwa kimekaa pale muda mrefu. Mawe ya ufalme wa Srivijaya ya karne ya 7, yaliyochongwa kwa Kimalei cha kale, tayari yamejaa maneno yake. Uislamu ulipokuja ulikuta vyombo vipo jikoni, ukapika navyo.

Kuna jamaa yangu mmoja, shekhe wa pwani, nilimweleza haya akaguna. Nikamwambia, shekhe, sikiliza padri akihubiri kijijini kwetu. Dhambi, roho, malaika, imani, sadaka, msalaba. Kila moja Kiarabu, hata huo msalaba. Akaguna tena, safari hii kwa sauti tofauti.

Nisikae sana msikitini na kanisani. Twendeni gereji.

Nilikuwa na pikipiki kuukuu, na kwa kuwa ilikuwa kuukuu nilijifunza msamiati mwingi. Gereji huitwa bengkel, kutoka winkel ya Kiholanzi. Fundi ni montir. Alikuwa kijana mwembamba mwenye kitambaa begani, akiinama anaimba. Mara ya kwanza alinionesha kila kitu kwa bisibisi, anataja, narudia. Rem, breki. Kopling, klachi. Persneling, gia. Knalpot, ekzosi, na kwa Kiholanzi maana yake ni "chungu cha mlipuko", jina ambalo pikipiki yangu ililistahili. Busi, plagi. Ban, tairi. Baut na mur, boliti na nati. Dongkrak, jeki. Onderdil, spea. Ukirudi nyuma na gari, unafanya atret, kutoka achteruit. Kijana wa kwenye basi, utingo wetu, ni kenek, kutoka knecht, mtumishi.

Kila neno Kiholanzi, na kijana wa watu hajui sentensi moja ya Kiholanzi. Waholanzi walianza na kampuni yao ya biashara mwaka 1602, wakatawala mpaka vita vya pili, lakini lugha yao hawakuigawa kwa watu wa kawaida. Ilibaki ya ofisini na ya wachache waliosomeshwa. Walichogawa ni vyuma, na vyuma vilikuja na majina yake. Ndiyo maana Kiholanzi ndani ya Kiindonesia ni lugha ya vitu vya kushika: handuk ni taulo, kulkas ni friji, kantor ni ofisi. Kuna mengine yaliyojificha zaidi. Hospitali ni rumah sakit, "nyumba" na "ugonjwa", maneno ya nyumbani kabisa, lakini mpangilio ni wa ziekenhuis ya Waholanzi. Hapo hawakuchukua neno, walichukua wazo na kulishonea nguo.

Nilipomaliza kuandika orodha yangu nikatafuta ya kwetu. Breki, klachi, gia, plagi, jeki, spea: gereji zetu ni Uingereza tupu. Ila usukani. Usukani ni wa jahazi. Ni sukkan ya Kiarabu, ile ya kugeuzia chombo baharini. Gari lilipofika, watu wa pwani hawakusubiri jina. Walikuwa tayari wanajua kugeuza kitu kikubwa kwa mkono. Wao usukani ni setir, Kiholanzi. Nilimwambia montir habari ya jahazi akapenda, akasema hilo ndilo neno la kiume.

Hapo hapo gereji niliambiwa nijihadhari na preman wa mtaa wa pili. Preman ni jambazi, mbabe anayetoza watu pesa za ulinzi. Neno limetoka kwa Waholanzi, vrijman, mtu huru, asiye mtumishi wa mtu. Mtu huru akawa mhuni! Lakini ukisikia polisi amekuja kwa pakaian preman, usiogope: maana yake amevaa kiraia. Neno moja, jambazi na raia, na sijaona Mwindonesia anayechanganyikiwa.

Wachina niwapitie haraka, siyo kwa dharau. Wengi waliofika walitoka Fujian, jimbo la China, wanasema Kihokien, na mchango wao uko sokoni na mdomoni: toko ni duka, tahu ni tofu ya soya, bakso ni mipira ya nyama, mi ni tambi, na kecap ni mchuzi mweusi wa soya. Jakarta wachuuzi huhesabu pesa kwa Kihokien: cepek mia, gopek mia tano, goceng elfu tano, ceban elfu kumi. Ni kama jero na buku za Dar es Salaam. Lakini kilichonistaajabisha mimi ni vijana wa Jakarta kusema gue na lu, "mimi" na "wewe", kwa Kihokien. Neno la soya mtu hulipata kwa soya. Kulipata neno la "mimi" kwa jirani, hapo mmekaa kibarazani sana.

Sasa naomba mtulie kidogo, nataka tusome karatasi.

Usiku wa kuamkia tarehe 17 Agosti 1945, Soekarno, aliyekuja kuwa rais wao wa kwanza, alikaa katika nyumba ya Admirali Maeda, Mjapani, huko Jakarta, akaandika kwa mkono tangazo la uhuru. Sentensi mbili tu. Karatasi ile ipo mpaka leo, ina mikato. Sayuti Melik ndiye aliyeipiga taipu, na asubuhi ikasomwa.

Kichwa cha habari: Proklamasi. Kiholanzi, katika karatasi inayomfukuza Mholanzi. Kisha "sisi bangsa Indonesia": bangsa, taifa, Kisanskriti. Tunatangaza kemerdekaan. Hilo mzizi wake ni merdeka, na merdeka nusura linitoe machozi nilipolifuatilia. Kwa Kisanskriti ni maharddhika, mtu mwenye neema na nguvu. Huko Batavia ya karne ya 17 jina hilo walipewa watumwa walioachwa huru na watoto wao, Wakristo wasema Kireno. Waholanzi waliwaita Mardijkers. Hivyo neno lililoanza kwa mkwasi likashuka kwa mtumwa aliyekatiwa minyororo, na kutoka kwake likapanda kuwa uhuru wa nchi. Maana linayobeba leo lilipatia visiwani. Kule India halikuwa nayo.

Sentensi ya pili inaanza na hal-hal, mambo. Hal ni hali yetu. Inasema madaraka yakabidhiwe kwa muda mfupi iwezekanavyo, na "muda" hapo ni tempo. Soekarno aliandika tempoh, kwa h ya Kimalei. Sayuti Melik akaiacha h. Mwishoni Soekarno aliandika wakil-wakil bangsa Indonesia. Wakili-wakili, wawakilishi wa taifa. Mswahili hahitaji kutafsiriwa. Likabadilishwa likawa atas nama, "kwa jina la". Kiarabu kikatoka, Kisanskriti kikaingia, na sidhani kama kuna aliyefikiri kuhusu lugha hizo mbili saa ile. Walikuwa wanafikiri nani atie saini. Wakatia wawili, Soekarno na Hatta, aliyekuwa makamu wake.

Na tarehe: 17, 8, mwaka 05. Hawakuandika 45, kwa kuwa Wajapani waliokuwa wakitawala tangu 1942 walihesabu mwaka 2605. Wajapani hao hao ndio waliopiga marufuku Kiholanzi, na kwa kufanya hivyo wakakipa Kiindonesia ofisi, shule na redio kabla hakijawa na nchi. Katika tangazo zima la uhuru hata kalenda ilikuwa ya mgeni. Nilipoiona karatasi ile nilikumbuka asilimia zangu na mhadhiri wangu. Hasira ikaisha tu, kama mafua.

Bunge lao linaitwa Dewan Perwakilan Rakyat. Sikilizeni: diwani, wakili, raia. Unaweza kuingia pale bila mkalimani, halafu ukakosea tena kama mimi na fomu, kwa kuwa diwani wetu ni mtu mwenye shati na simu, na dewan yao ni baraza zima.

Mtaniuliza, je, wanafyonza kila kitu? Hapana. Ilipokuja intaneti walipewa maneno ya Kiingereza kama tulivyopewa sisi, na wakasita. Kwa kushusha faili kutoka mtandaoni wamechukua unduh, kutoka Kijava, kuchuma matunda mtini. Kupandisha ni unggah, kukwea. Sisi tumechukua pakua. Nilipowafundisha Wajava Kiswahili niliwaambia: ninyi mnachuma, sisi tunapakua wali kutoka sufuriani. Mmoja akasema kwa hiyo kwenu intaneti tayari imeiva. Kwa upande wa kupandisha tuna pakia, neno la shehena, na hapo naona wametushinda kwa uzuri, ingawa lori letu linafanya kazi.

Nimebakiza Wareno, na nimewabakiza kwa sababu ya Ibu.

Wareno waliiteka Malacca, bandari ya Wamalei, mwaka 1511, miaka sita tu baada ya kuipiga Kilwa na Mombasa. Walikuwa wanakimbilia karafuu za Maluku. Watu wa Unguja na Pemba mnajua kwamba mikarafuu yenu asili yake ni visiwa hivyo. Ilifika Zanzibar karne ya 19. Mti ulikuja bila jina lake. Kwao ni cengkih, kwetu karafuu, Kiarabu. Lakini Wareno walipita kote kuwili, na waliacha nyumbani kwa Ibu na nyumbani kwa mama yangu vitu vile vile.

Jioni tulikuwa na mchezo. Ibu anagusa kitu, mimi nataja. Akagonga meja, nikasema meza. Akaonesha bendera ya mlangoni, nikasema bendera, akadhani namwiga. Nanas, nanasi. Akaonesha gurudumu la baiskeli, roda. Nikamwambia sisi roda ni kapi la kupandishia tanga, akataka nimchoree. Jendela hatukukutana: kwao dirisha ni la Wareno, kwetu ni la Waajemi, hakuna kati yetu aliyebaki na dirisha la kwake. Tukafika siku za wiki. Zao nyingi ni za Kiarabu, Senin, Selasa, Rabu, Kamis, Jumat, Sabtu, kisha Minggu, domingo ya Kireno. Na minggu hiyo hiyo ndiyo "wiki". Taifa la Waislamu linahesabu wiki kwa siku ya kanisa. Nikamwambia kwetu ni juma, kutoka Ijumaa, na Wakristo wote wa Tanzania wanasema "juma lijalo" bila kujali. Akaridhika sana na hilo.

Ibu alikuwa Mkatoliki. Ilipofika gereja, kanisa, kutoka igreja, nilisita. Akasema sema. Nikamwambia hata sisi tunalo, gereza, lakini maana yake ni jela. Alishika mdomo. Nikajaribu kueleza: Mreno hujenga ngome, ndani ya ngome hujenga kanisa, baadaye mwenyeji anaiita ngome nzima kwa jina hilo, kama ile ya Kilwa Kisiwani inayoitwa Gereza hadi leo, ngome nayo hufungiwa watu, kama Fort Jesus ya Mombasa iliyokuwa jela hadi mwaka 1958. Hakusikiliza hata neno. Alikuwa anarudia kimoyomoyo, gereza, gereza.

Kuanzia hapo, kila Jumapili alfajiri, akipita mlangoni kwangu na mwavuli wake kwenda misa ya kwanza, aliniaga: Saya ke gereza dulu, Mas. Naenda gereza mara moja, kaka. Sasa ile z niliyowaomba mniwekee. Kinywa cha Ibu kilikuwa cha Kijava halisi, z yake na j yake zilikuwa mapacha. Nilikaa pale mwaka mmoja na miezi zaidi, na hadi naondoka sikuwahi kujua, hata Jumapili moja, kama ananitania au anaaga tu.